Kila usiku "imekamilika", kumbe kaseti ina siku moja tu

SWALI: Shikamoo fundi. Nasimamia seva ya Linux katika ofisi ya usafirishaji hapa Lamu, Langoni. Tuna draivu ya tepu ya LTO-6. Jumatatu hadi Ijumaa, saa nane usiku, programu ya tar inaandika nakala kwenye /dev/st0, kaseti ile ile wiki nzima, na ripoti husema imekamilika. Juzi mhasibu alitaka faili ya Jumanne. Nimefungua kaseti nikakuta Ijumaa peke yake. Tena draivu ikiandika husikika ikienda na kurudi, ikienda na kurudi. Je, kaseti ni mbovu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kaseti ni nzima. Kosa limo katika jina ulilompa tar.

Linux huipa draivu moja majina kadhaa, na mawili ndiyo yanayokuhusu hapa. Ukitumia /dev/st0, tepu hurudishwa mwanzo mara tu programu inapomaliza kazi. Ukitumia /dev/nst0, hubaki pale ilipofika. Jumatatu uliandika, tepu ikarudi mwanzo. Jumanne ukaandika juu ya Jumatatu, na hivyo hivyo hadi Ijumaa. Ripoti zilisema kweli, maana kila usiku nakala moja iliandikwa yote. Na hata kama kuna mabaki ya Alhamisi mbele ya Ijumaa, hayafikiki: draivu huweka alama ya mwisho wa data na haisomi ng'ambo yake. Faili ya Jumanne imekwenda. Mwambie mhasibu leo hii, asiendelee kusubiri.

Badilisha jina liwe /dev/nst0, lakini usiishie hapo. Umeme ukikatika, na huko mnajua unavyokatika, draivu ikiwaka tena tepu huwa iko mwanzo, na tar ataandika juu ya yote bila kukuuliza. Kwa hiyo kama kaseti tayari ina nakala, kabla ya kuandika toa amri hii:

mt -f /dev/nst0 eod

Inaipeleka tepu mwisho wa data. Siku ukitaka kurejesha, amri ya mt -f /dev/nst0 asf 1 itakufikisha kwenye nakala ya pili, kwa kuwa hesabu huanzia 0. Na ikiwa una draivu zaidi ya moja, tumia majina yaliyo ndani ya /dev/tape/by-id, yale yanayoishia na nst, kwa sababu namba zinaweza kubadilishana seva ikizimwa na kuwashwa.

Mimi lakini nisingeweka wiki nzima kwenye kaseti moja. Nunua tano, kila siku na yake. Ikiharibika moja, umepoteza siku moja.

Sasa ile sauti. LTO-6 huandika megabaiti 160 kwa sekunde data isipobanwa. Inaweza kupunguza mwendo ikiletewa data polepole, ila ina kiwango chake cha chini. Data ikija chini ya kiwango hicho, draivu inasimama, inarudi nyuma kidogo, inaanza upya. Ndiyo unayoisikia, na inachosha tepu na kichwa cha kusomea. Nadhani unasoma faili ndogo ndogo moja kwa moja kutoka mtandaoni. Mtandao wa gigabiti moja hauwezi kupitisha zaidi ya megabaiti 125 kwa sekunde, na skani nyingi za risiti hupunguza zaidi. Kusanya kwanza kila kitu kwenye diski ya seva yenyewe, na hifadhidata itolewe kwa programu yake ya kutoa nakala, usinakili faili zake zikiwa zinaandikwa. Kisha ipeleke kwenye tepu kupitia mbuffer, programu inayojaza kwanza kumbukumbu ya seva (RAM) ndipo iachilie data kwa mfululizo.

Ongeza pia ukubwa wa bloku, yaani kipande cha data kinachoandikwa kwa mkupuo mmoja. Tar kwa kawaida huandika bloku za kilobaiti 10, ndogo mno kwa draivu hii. Toa amri ya mt -f /dev/nst0 setblk 0, ili draivu ikubali bloku za ukubwa wowote, halafu mpe tar -b 512, bloku ziwe za kilobaiti 256. Andika namba hiyo kwenye karatasi ya kaseti. Atakayesoma kwa bloku ndogo kuliko hiyo ataambiwa kumbukumbu haitoshi, naye atadhani seva imeharibika. Nilishawahi kumkuta mtu hapa Malindi akitaka kutupa kaseti nzima kwa sababu hiyo tu.

Sanduku la kaseti linasema terabaiti 6.25, hesabu ya data iliyobanwa na draivu. Wewe hesabu 2.5, kwani skani zako zimeshabanwa na hazibaniki tena.

Kaseti moja itoke kisiwani kila wiki, ivuke hadi Mokowe. Nyumba za Langoni zimeshikana. Moto hauchagui ukuta. Ifunge kwenye chombo kisichopitisha maji, kwa ajili ya mashua na hewa ya chumvi, na ikirudi iache ndani ya chumba cha seva saa 24 kabla ya kuitia kwenye draivu. Kaseti ya kusafishia itumie draivu inapoiomba tu, maana husugua kichwa.

Leo weka kaseti mpya. Baada ya usiku wa pili, kabla hujaitoa, toa amri ya mt -f /dev/nst0 status unitumie namba ya faili inayoonyesha. Ikiwa 2, rejesha folda moja ya usiku wa kwanza na umpe mhasibu aifungue mwenyewe. Ikiwa 0, kuna mahali bado pameandikwa st0. Angalia kwenye cron, ratiba ya kazi za seva.