Mlusina: sungura wananyonyoka, mbuzi wazima. Kwa nini?

SWALI: Nafuga mbuzi wa maziwa na sungura hapa Pongwe, Tanga. Nyasi zilipokauka nikaanza kukata majani ya mlusina, mti ulioko mpakani, na kuwapa wote. Baada ya wiki kama mbili sungura wameanza kunyonyoka manyoya, ila mbuzi wako sawa. Hiyo ni sumu gani, na nikianika majani itaisha?

JIBU: Ndugu mfugaji, acha leo kuwapa sungura mlusina, manyoya huota tena sumu ikikoma kuingia. Inayowaumiza ni mimosini, asidi amino ambayo haimo kati ya zile zinazojenga protini. Fomula yake ni C8H10N2O4. Umbo lake linakaribiana na tairosini, asidi amino ya kawaida ya protini, ila pete yake ni ya piridoni, yenye nitrojeni ndani na oksijeni mbili zilizopakana. Oksijeni hizo hung'ang'ania chuma, shaba na zinki. Seli zinazogawanyika haraka, kama zile za mizizi ya nywele, hushindwa kutengeneza DNA, na unywele unakatika shinani. Kifauongo, kile kinachojikunja kikiguswa, nacho kinayo.

Katika mlusina mkavu mimosini huwa asilimia 2 hadi 5 hivi, na kwenye vichomozi vichanga huzidi hapo. Vichomozi hivyo ndivyo sungura anavyoanza navyo.

Mbuzi anapona kunyonyoka kwa sababu vijidudu vya tumbo lake kubwa huivunja mimosini mapema. Lakini usiseme yuko sawa bado. Kinachobaki ni kemikali iitwayo kwa kifupi DHP, nayo huzuia tezi ya shingo kutengeneza homoni. Dalili zake huchelewa: mate kutiririka, kula kidogo, kukonda, uvimbe kooni, vitoto kuzaliwa dhaifu. Chumvi yenye madini joto haiondoi tatizo hili, maana DHP huzuia madini hayo yasitumike ndani ya tezi yenyewe. Dawa ya kweli ni bakteria Synergistes jonesii, anayeimaliza DHP kabisa. Jina lake linamuenzi Raymond Jones wa Australia, aliyeona kwamba mbuzi wa Hawaii hula mlusina bila madhara. Mbuzi wasio na bakteria huyo huweza kumpata kwa kunyweshwa maji ya tumbo la mnyama aliye naye, kazi ya daktari wa mifugo.

Kuhusu kuanika, jibu ni nusu ndiyo. Jani likikatwa na kunyauka, vimeng'enya vyake lenyewe hugeuza sehemu ya mimosini kuwa DHP. Manyoya yanapata nafuu, tezi haipati. Kuloweka ni bora zaidi, kwa sababu sumu zote mbili hutoka na maji: tumbukiza majani kwenye maji mengi kwa saa 24, mwaga maji hayo mbali na mifugo, kisha anika juu ya turubai. Usianike chini, kwani vijani hupukutika na ndivyo vyenye protini. Kwa unyevu wa Tanga wakati wa masika, tandaza safu nyembamba na ugeuze mara kwa mara. Fungu nene huota ukungu, ukawa umebadilisha sumu kwa sumu.

Vipimo: mbuzi wa kilo 30 hula karibu kilo moja ya chakula kikavu kwa siku. Mlusina usizidi asilimia 30 yake, yaani gramu 300 kavu, sawa na kilo moja mbichi hivi. Kinachobaki kiwe majani ya tembo au nyasi nyingine. Anza na robo ya kiasi hicho, upandishe kwa wiki mbili au tatu. Mbuzi mwenye mimba mpunguzie nusu. Sungura wakishaota manyoya, asilimia 5 inawatosha: kwa sungura wa kilo 2.5 ni kama gramu 20 mbichi, konzi ndogo tu, tena majani yaliyokomaa. Punda naye mhesabu pamoja na sungura. Hunyonyoka mkia na shingo.