Kwa nini wafugaji wengi humpenda German Shepherd, na ni nani anayefaa kuchagua mbwa mwingine

Mkuu, umeuliza ni aina gani ya mbwa inayopendwa zaidi na wafugaji na kwa sababu zipi, ukaeleza kwamba unaishi Dar es Salaam, una ua wenye ukuta na watoto wawili wadogo, na kwamba kila uliyemwomba ushauri amekutajia jina lake: huyu German Shepherd, yule Rottweiler, mwingine Boerboel. Nimefuga mbwa tangu ujana wangu nyumbani kwa wazazi, Moshi, na sasa nafuga Kigamboni, kwa hiyo nitakujibu kwa yale niliyoyaona kwenye baridi ya mlimani na kwenye joto la pwani, maana tofauti hiyo ina uzito kuliko wauzaji wengi wanavyokubali kusema.

Kila aina ya mbwa imetokana na kazi fulani. Watu walichagua, kizazi baada ya kizazi, madume na majike waliofanya kazi hiyo vizuri, na silika iliyojengwa hivyo haimtoki mbwa kwa sababu tu amehamia Mbezi au Kigamboni. Ndiyo maana mfugaji anayesema anampenda mbwa wake kwa ukali, ukimsikiliza kwa makini, mara nyingi utamkuta anasifu jambo jingine: kwamba mbwa huyo hakai mbali na watu wake, kwamba humwacha mgeni aliyekwisha kukaribishwa, au kwamba habweki ovyo.

German Shepherd alianza kama mbwa wa kuchunga kondoo. Mwaka 1899 Mjerumani aitwaye Max von Stephanitz, aliyekuwa afisa wa jeshi, alimnunua dume mmoja akampa jina la Horand von Grafrath, akaanzisha chama cha wafugaji wa aina hiyo na kumfanya dume huyo kuwa shina la ukoo mzima. Mbwa aliyemtaka alipaswa kuzunguka mpaka wa malisho kutwa nzima, kuzuia kondoo wasiingie kwenye mazao ya watu, na kufanya hayo yote huku akisikiliza sauti ya mchungaji. Ukimweka mbwa wa namna hiyo ndani ya ukuta, ataugeuza ukuta huo kuwa mpaka wa malisho. Jike niliye naye sasa hupita njia ileile kila usiku kandokando ya ukuta, hata majani yamekwisha na kimebaki kijia cha mchanga. Akifika getini husimama, hutega masikio, huinamisha pua kwenye upenyo wa chini ya geti, na kama kuna mtu asiyemjua hubweka mara mbili tatu kisha hugeuka kuutazama mlango wa nyumba, akisubiri kuona kama nitatoka. Kugeuka huko ndiko ninakokupenda kuliko meno yake yote, kwa sababu mbwa anayemtafuta mwenye nyumba kwa macho kabla ya kuamua ni mbwa anayeweza kuzuiwa kwa neno moja.

Kutokana na tabia hiyo anafundishika upesi, na ndiyo sababu majeshi na polisi wa nchi nyingi wamemtumia kwa zaidi ya miaka mia moja. Kwa sisi wa pwani sifa hiyo ina faida nyingine isiyozungumzwa sana. Majirani zangu wengi ni Waislamu, na kwa mujibu wa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi katika mwambao wetu, mate ya mbwa ni najisi, na mahali palipoguswa nayo huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mtu anayepita kuelekea msikitini akirukiwa na mbwa wako, hata kama mbwa huyo anacheza tu, umemtia katika usumbufu ambao hakuutafuta. Kwa hiyo amri ya kwanza ninayomfundisha mtoto wa mbwa ni kubaki na miguu yote minne chini, na banda lake nalijenga upande wa nyuma, mbali na njia ya wageni. German Shepherd huishika amri hiyo mapema. Aina nyingine zinahitaji subira zaidi.

Sasa upande wa pili, ambao nauchukulia kwa uzito sana. Manyoya yake ni ya tabaka mbili, la nje gumu na la ndani jepesi lililosongamana, kwa ajili ya baridi ya Ulaya. Kule Moshi mbwa wa aina hii alikuwa mchangamfu mchana kutwa. Kigamboni, kati ya Desemba na Machi, kuanzia saa nne asubuhi hulala kwenye sakafu ya saruji akihema ulimi nje, na kumkimbiza jua likiwa kali ni kuhatarisha maisha yake. Usimnyoe kwa kudhani unampunguzia joto, kwani manyoya hayo humkinga pia na jua; mpe kivuli, maji yanayobadilishwa mara kwa mara, na mazoezi alfajiri au baada ya magharibi.

Kupe ni tatizo kubwa zaidi. Kuna ugonjwa unaoletwa na bakteria wa Ehrlichia, anayeenezwa na kupe wa kahawia wa mbwa, na aina hii huuguzwa nao vibaya kuliko nyingine nyingi. Wakati wa vita vya Vietnam mbwa wengi wa jeshi la Marekani walikufa kwa ugonjwa huo, na German Shepherd ndio walioumia zaidi. Dalili nilizoziona kwa macho yangu ni mbwa kususa chakula, ufizi kupauka, na siku nyingine damu kutoka puani. Akifikia hapo, usisubiri kesho. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Kila jioni pitisha vidole ndani ya masikio, katikati ya vidole vya miguu na chini ya ukanda wa shingoni, maana kupe hujificha hapo.

Rottweiler hupendwa na watu wa tabia tofauti. Asili yake ni mji wa Rottweil, Ujerumani, ambako wachinjaji walimtumia kuswaga ng'ombe na kuvuta mikokoteni, na uzito wa dume hukaribia kilo 50. Wenye kumpenda watakuambia kuhusu utulivu wake: hazunguki hovyo, hulala karibu na mlango, hukuegemea mguuni kwa kifua chake chote. Lakini mbwa anayebweka kidogo hamwonyi mgeni mapema, na mbwa wa uzito huo anahitaji mtu mzima mwenye msimamo, anayeshinda nyumbani. Kama wewe hutoka alfajiri na kurudi usiku, na anayebaki naye ni dada wa kazi anayemwogopa, sikushauri. Tena watoto wake hushikwa na parvo, ugonjwa wa virusi unaowaharisha na kuwatapisha watoto wa mbwa, kwa urahisi kuliko wa aina nyingi, kwa hiyo chanjo zake hazivumilii kuahirishwa.

Boerboel ni mbwa wa mashamba ya Afrika Kusini, mzito kuliko hata Rottweiler, na mahali pake ni shambani penye nafasi. Katika ua wa kawaida wa mjini, gharama ya kumlisha peke yake inatosha kukufanya ufikiri mara mbili.

Kama joto ndilo linalokutia wasiwasi zaidi, basi mfikirie Rhodesian Ridgeback, ambaye nasikitika kuona hatajwi sana kwetu ilhali ni wa bara letu. Ametokana na mbwa wa Wakhoikhoi, wenye mstari wa manyoya yanayoota kinyume mgongoni, waliochanganywa na mbwa wa walowezi, na vigezo vyake viliandikwa Bulawayo mwaka 1922. Wawindaji walimtumia kumzuia simba asiondoke hadi wafike. Manyoya yake ni mafupi na joto hulivumilia vizuri. Anayemnunua na ampapase mtoto huyo shingoni na mgongoni, kwa sababu aina hii huweza kuzaliwa na kijitundu cha ngozi kinachoingia ndani kuelekea uti wa mgongo, na hicho huhitaji upasuaji.

Na sitamsahau mbwa wetu wa kienyeji, ambaye watu humdharau kwa kuwa hana bei. Hajachaguliwa na chama chochote. Amechaguliwa na kupe, njaa na jua, na waliobaki ni wepesi, wana manyoya mafupi, na husikia hatua za mtu kabla yule wa kizungu hajainua kichwa. Kazi ya kumshtua mwenye nyumba anaiweza kabisa. Asichokiweza wengi wao ni kushika mafunzo marefu, na wakifunguliwa usiku huzurura mtaani, jambo linalowaweka karibu na kichaa cha mbwa. Pale Moshi tulikuwa na chotara wa jike la kienyeji na dume la German Shepherd, na mpaka leo huyo ndiye mbwa ninayewapima naye wengine wote: alikuwa na uangalifu wa mama yake na hamu ya kutumikia ya baba yake, na nyonga zake zilikuwa nzima hadi uzeeni.

Kwa nyumba yako, mkuu, ningechukua jike la German Shepherd, au chotara kama huyo ukimpata kwa mtu unayemwamini. Usikubali kuletewa mtoto barabarani. Nenda ukamwone mama mwenyewe, mwambie mfugaji amfungulie, umtazame anavyoinuka kutoka chini na anavyokimbia: akirusha miguu yote miwili ya nyuma kwa pamoja, au mgongo wake ukiwa umeteremka sana nyuma, ondoka, kwa kuwa ugonjwa wa nyonga hurithiwa katika aina hii na watoto wako watakuja kuuguza mbwa kilema. Mtoto asitengwe na mama yake kabla ya wiki 8, aje na kadi ya chanjo iliyosainiwa na daktari, chanjo za parvo ziendelee hadi afikie wiki 16, na ya kichaa cha mbwa apate akiwa na miezi 3, kisha irudiwe kila mwaka. Ukiweza kupanga muda, mchukue mwezi wa Juni au Julai, wakati wa kipupwe, ili apate miezi kadhaa ya kukua na kuzoea hewa ya Dar kabla joto la Desemba halijaingia.