Kupatwa kwa jua na mawingu yetu: maswali yenu

Jua litapatwa tena tarehe 2 Agosti 2027, na meseji zimeanza kuingia mapema. Nimechagua chache.

Wingu likifunika jua, si naweza kutazama kwa macho tu? (Msomaji, Mikindani)
Hapana, na wingu jembamba ndilo la kuogopa zaidi. Jua kali hukulazimisha mwenyewe ufumbe macho. Wingu jembamba huondoa ule ukali, ukakodoa kwa raha zako, huku mwanga unaounguza ndani ya jicho ukiendelea kupenya. Retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, haisikii maumivu, kwa hiyo hutajua. Doa katikati ya unachokitazama hujitokeza saa kadhaa baadaye, pengine kesho yake. Tena kusi la Agosti mnalijua: linasukuma mawingu, na jua linachomoza ghafla wewe bado umelikazia macho. Hata mwenye miwani maalumu (iandikwe ISO 12312-2, kiwango cha kimataifa cha miwani ya kutazamia jua, isiwe na mkwaruzo) akivaa asione kitu, asubiri. Asiivue ili achungulie.

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea. Kioo chake kinafaa? (Mama wawili, Masasi)
Kikiwa namba 14 (namba ya giza la kioo), sawa, mama. Vingi vya karakana ni namba 10 au 11. Hivyo viache vifanye kazi yake.

Sisi zamani tulitazama kwenye beseni la maji, au kwa picha ya eksirei. (Mzee, Kilwa Kivinje)
Shikamoo mzee wangu. Naomba tuviache vyote viwili, pamoja na miwani ya jua na sidii. Ya bure ipo: lipe jua mgongo, kaa chini ya mkorosho, tazama mchangani. Vidoa vya mwanga vinavyopenya kati ya majani vitakuwa vimemegwa kama jua lenyewe. Kadi iliyotobolewa kwa sindano, juu ya karatasi nyeupe, inafanya kazi hiyohiyo. Ila wingu zito likitanda, hutaona kitu.

Itakuwa pete kama mwaka 2016? (Mwanafunzi, Nachingwea)
Hapana. Tarehe 1 Septemba 2016 mwezi ulikuwa mbali kidogo, haukutosha kulifunika jua lote, ndipo Rujewa kule Mbarali wakaona pete. Mwaka 2027 utalifunika lote kwa zaidi ya dakika 6 karibu na Luxor, Misri. Kwetu utamega kipande tu, kwa hiyo miwani haivuliwi mwanzo hadi mwisho.