Karatasi ya DCI, yaya wa biro na volantia wa Krismasi: maswali yenu

Wiki hii karibu wote mmeuliza kitu kimoja kwa njia tofauti, nani achunguzwe kabla hajaachiwa watoto, kwa hivyo wacha tuingie tu.

Nafundisha sande skuli Ruiru miaka 6 sasa, bure kabisa. Pasta mpya anataka sisi wote tulete cheti cha tabia njema. Kwani tumekuwa washukiwa?

Pole dada, najua inauma. Lakini angekuambia wewe peke yako ndio ingekuwa matusi, akisema wote basi hakuna anayenyooshewa kidole. Kazi yenyewe si ngumu, unaingia eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, upande wa DCI, polisi wa upelelezi ndio wanakitoa, unalipa shilingi 1,050, unaprinti fomu ya alama za vidole inaitwa C24, unaenda Huduma Centre na kitambulisho unachukuliwa alama za vidole vyote kumi (blauzi nyeupe acha nyumbani) halafu unasubiri, mara siku chache mara wiki kadhaa, inategemea. Kitu ningemwambia pasta ni kanisa lilipe hiyo 1,050, mtu hawezi kujitolea halafu atozwe pesa ya kujitolea. Kama sadaka inanunua viti vya plastiki kila mwaka hii pia itatosha.

Cheti changu ni cha 2021, bado kinafanya?

Hapana. Wengi wanataka kisichozidi mwaka mmoja. Kinasema tu ulikuwa sawa siku ile.

Nimepata yaya kupitia biro (ofisi ya kutafutia watu wafanyakazi wa nyumbani), wamenihakikishia "wamemchuja". Nimuulize nini tena? (Mama wa wawili, Nakuru)

Mama, uliza biro wamemchuja na nini. Wengi "kuchuja" kwao ni kopi ya kitambulisho na picha ya pasipoti, basi. Mwombe cheti cha tabia njema na umlipie wewe, mshahara wa yaya unaujua. Halafu ufanye ile kitu watu wanaona aibu kufanya, pigia aliyemwajiri mwisho. Si shangazi yake, si "rafiki wa familia", yule bosi mwenyewe.

Mimi nilipigia mama mmoja hivyo kabla nichukue msichana wa kunishikia mtoto. Nikauliza tu swali moja, ungemrudisha leo? Akanyamaza. Muda mrefu. Mwisho akasema "alikuwa anaamka mapema". Nikashukuru nikakata simu, sikuhitaji kujua zaidi na karatasi yake ya DCI ilikuwa safi kama sahani. Ile karatasi inaonyesha aliyeshtakiwa akapatikana na hatia, na mambo mengi ya watoto hayafiki kotini, yanaishia kwa wazee na mbuzi mmoja.

Shule ya mtoto wangu ni ya private, nasikia mwalimu mmoja hana namba ya TSC, ile tume ya walimu. Hiyo si ya walimu wa serikali tu?

La, sheria ya TSC ya 2012 inashika wote, awe wa serikali au wa private, bila kusajiliwa huruhusiwi kufundisha. Uliza namba, ingia kwenye tovuti ya TSC uangalie, na ukiwa huko kumbuka huwa wanatoa majina ya walimu waliofutwa kwenye rejista, tena hayo yanachapishwa hadi gazeti rasmi la serikali. Mwalimu anafutwa kaunti moja kwa sababu ya wanafunzi, anatokea ingine anafundisha hesabu kama hakuna kitu, kwa sababu mwenye shule alitaka mtu wa bei rahisi na hakuangalia.

Lakini mimi hapo kwa mwalimu siogopi sana kama kwa dereva wa basi, mlinzi, mpishi wa bweni na kocha wa kuogelea. Hao TSC haiwajui kabisa. Hapo ni nyinyi wazazi kuuliza kwenye mkutano, vyeti vyao viko wapi, na msikubali "tunashughulikia".

Niko kamati ya nyumba ya watoto. Kuna mzungu anakuja kujitolea mwezi wa Krismasi, ana barua ya kanisa lake. Tukimwitisha karatasi si tutapoteza wafadhili?

Hii ndio imeninyima usingizi. Gregory Dow wa Pennsylvania alifungua nyumba ya watoto Boito, kule Bomet, 2008. Mwaka 1996 alikuwa ashahukumiwa Iowa kwa kumshambulia mtu kwa nia ya kumdhulumu kingono. Hiyo rekodi ilikuwepo miaka 12 mtu wa kuiuliza akakosekana. Alitoroka Kenya 2017, na Februari 2021 korti ya Marekani ikamfunga miaka 15 na miezi 8 kwa aliyowafanyia wasichana wa pale.

Na cheti cha hapa kwetu kisingemshika, alama za vidole za DCI hazijui Iowa. Cha nyumbani kwake ndio mnataka. Mmarekani anaomba rekodi yake FBI, Mwingereza ana cheti kinaitwa ICPC, kimetengenezwa hasa kwa wanaoenda kufanya kazi na watoto nje.

Sasa shida ingine. Matthew Durham wa Oklahoma alikuwa na miaka 19 alipokamatwa 2014 kwa kudhulumu watoto kwenye nyumba moja Nairobi alikokuwa volantia, akapewa miaka 40 mwaka 2016. Huyo alikuwa kijana wa kanisa, hakuna karatasi ingemkamata. Aliomba alale hapohapo na watoto badala ya kukaa kwa mwenyeji, na akakubaliwa. Kwa hivyo kamati iandike leo kabla Krismasi haijafika: mgeni halali ndani, haogeshi mtoto, hakai na mtoto chumba kimefungwa. Mfadhili akikasirika kwa hayo, mwacheni akasirike.

Nilishtakiwa 2013 kwa kuuza pombe bila leseni, nikalipa faini. Nataka kufundisha vijana mpira mtaani. Nijaribu ama niache?

Jaribu kaka. Nenda kwa mwenyekiti wa timu umwambie kabla karatasi haijamwambia. Pombe ya 2013 si kosa dhidi ya mtoto, ingekuwa hilo ningekuambia tafuta kazi ingine. Na uwape vijana namba 116 ya kuripoti dhuluma kwa watoto, simu ni bure, hata kama ni wewe ndio watakusemea.