Sukari Imetulia, Kidole Kimewaka

Usiku wa kuamkia tarehe 27 Desemba 2022 nilikuwa nyumbani Marangu, Kilimanjaro, na kilichoniamsha ni shuka. Shuka tu la pamba, limegusa kidole gumba cha mguu wa kulia. Nilipiga ukelele mpaka mama akaja na tochi. Kidole kilikuwa kimevimba, kimeiva kama nyanya, kinapwita, na ukikisogezea kiganja bila hata kukigusa unasikia joto. Mtu akitembea chumba cha pili, mimi naumia.

Asubuhi shangazi alikiangalia akanyamaza kidogo. Kisha akasema lile lililokuwa kichwani mwa kila mtu: "Ni sukari hiyo. Imeshafika mguuni." Kwenye ukoo wetu tumezika watu wawili walioanza kukatwa kidole wakaishia kukatwa goti, kwa hiyo hakuna aliyembishia, hata mimi.

Ila moyoni nilikuwa na kinyongo. Mwezi mmoja tu nyuma, kliniki walikuwa wamenipongeza mbele ya wagonjwa wenzangu. HbA1c, kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, kilikuwa kimeshuka kutoka asilimia 11.2 hadi 6.7. Nilikuwa nimeacha soda, nimepungua kilo 9, natembea kila jioni. Miaka minane niliyoishi hovyo na kisukari, kidole kilikuwa salama. Nimejirekebisha, ndipo kinawaka! Shemeji yangu alisema dawa za sukari ndizo zinazoleta haya yote, na siku ile nilikaribia kumwamini.

Ilikuwa gauti, ugonjwa ambao Kiswahili cha zamani kinauita jongo. Lakini daktari aliyenipokea hakukimbilia kusema hivyo. Alinivua soksi zote mbili, akakagua katikati ya vidole na chini ya unyayo, akatafuta kidonda, usaha, mchubuko. Alisema mgonjwa wa kisukari akija na mguu mwekundu wenye moto, kwanza unatafuta maambukizi. Naomba ulichukue hilo kabla ya mengine yote nitakayoandika hapa: usijipe jina la gauti mwenyewe nyumbani kwa sababu umesoma habari zangu. Mguu ukikuwakia na una sukari, nenda uonwe siku hiyohiyo.

Alipomaliza miguu aliniuliza swali ambalo sikulitarajia. "Zamani ulikuwa unaamka mara ngapi usiku kukojoa?" Nikamwambia mara tano, hata sita. "Na sasa?" Mara moja, siku nyingine hata hiyo moja hakuna. Akatabasamu. "Basi ulikuwa unaikojoa," akasema.

Nitaeleza kama nilivyoelewa. Mwili ukivunja vitu vinavyoitwa purini, ambavyo vimo ndani ya seli zetu na ndani ya vyakula tunavyokula, hubaki takataka inayoitwa asidi ya yuriki. Wanyama wengi wana kimeng'enya cha kuisaga zaidi ikaisha. Sisi binadamu hatuna. Theluthi mbili hivi hutolewa na figo kwenye mkojo, nyingine hupitia tumboni. Ikizidi takriban miligramu 6.8 kwa desilita, damu haiwezi tena kuiyeyusha yote, na baada ya muda huanza kuganda kuwa chembe zenye ncha kama sindano. Chembe hizo hupenda viungo vya pembeni vyenye ubaridi, na kidole gumba cha mguu mara nyingi ndicho makazi yao ya kwanza.

Sasa sukari inaingiaje hapo? Inaingia kupitia figo, na ina milango miwili inayopingana.

Mlango wa kwanza ni insulini. Sisi wa kisukari aina ya pili miili yetu imekuwa sugu kwa insulini, hivyo kongosho, hasa miaka ya mwanzoni, humwaga nyingi kuliko kawaida ili kufidia. Insulini hiyo ya ziada huziambia figo zirudishe chumvi na asidi ya yuriki ndani ya damu badala ya kuziachia zitoke. Ndiyo maana watu wengi yuriki yao hupanda miaka kadhaa kabla hawajaambiwa wana sukari, na ndiyo maana presha, kitambi, sukari na gauti hupenda kukaa nyumba moja.

Mlango wa pili ndio ulionidanganya mimi. Sukari ya damu ikipita milimoli 10 hivi kwa lita, figo hushindwa kuirudisha yote, inamwagika kwenye mkojo. Ikiwa inapita kwenye mirija ya figo, huizuia asidi ya yuriki isirudi damuni, nayo inatoka. Kwa hiyo mtu mwenye sukari mbaya kabisa anaweza kupimwa yuriki ikaonekana nzuri. Mwaka 2019 nilipima afya kwa ajili ya kazi, yuriki ikawa 4.8. Niliringa nayo! Nilikula kisusio, supu yetu ya damu, na ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, miaka mitatu kwa kutumia karatasi ile kama kibali. Kumbe sukari ilikuwa inanifulia yuriki, na malipo yake ilikuwa inayachukua kwenye macho na figo. Ilipotulia, ufuaji ukakoma, usugu wa insulini ukabaki palepale, kitambi kikabaki nusu yake, na yuriki ikapanda kimyakimya.

Kuna hata kundi la dawa za sukari, mojawapo ni empagliflozini, ambalo kazi yake ni kuikojosha sukari kwa makusudi. Nazo hushusha asidi ya yuriki. Nilipolijua hilo, maelezo ya daktari yaliniingia vizuri zaidi.

Sasa usielewe kwamba uiache sukari ipande ili kidole kipone. Nimeshaulizwa swali hilo na mtu mzima mwenye digrii.

Wengine wameenda upande wa pili: wamesikia yuriki na sukari ni ndugu, wanataka dawa ya gauti iwatibu kisukari. Wataalamu wamelifuatilia jambo hilo kwa kuwaangalia watu waliozaliwa na vinasaba vya kuwapa yuriki nyingi, wakakuta vinasaba hivyo peke yake haviwaongezei kisukari kama ilivyodhaniwa. Mwaka 2020 zikatoka pia tafiti mbili kubwa za alopurinoli, dawa kuu ya kushusha yuriki, moja kwa wagonjwa wa kisukari aina ya kwanza na nyingine kwa wagonjwa wa figo, na zote hazikuonyesha kwamba inazuia figo kuendelea kuchoka. Kwa hiyo mimi naimeza kwa ajili ya gauti. Sukari ina dawa zake.

Nirudi kwa daktari. Aliniambia nimwage mezani vidonge vyote ninavyotumia, vya kila kliniki, na vile vya dukani. Humo akaokota kidonge cha presha cha kukojoza, bendrofluazaidi, ambacho kliniki nyingi wanakiita bendro. Ni dawa nzuri na ya bei ndogo, lakini huzuia figo kutoa yuriki, na inaweza kusogeza sukari juu kidogo pia. Nilikuwa nimekinywa miaka minne na hakuna aliyewahi kukiuliza, kwa sababu kliniki ya presha ilikuwa Jumanne na ya sukari Alhamisi, kila moja na daftari lake. Alinibadilishia losatani, ambayo hushusha presha na kuisaidia figo kutoa yuriki. Asprini ndogo ya moyo nayo hupandisha yuriki kidogo, ila hiyo wengi hawaachishwi kwa kuwa faida yake kwa aliyewahi kuumwa moyo ni kubwa. Usiache chochote mwenyewe. Vipeleke tu vyote kwenye mfuko mmoja.

Kosa langu kubwa nilishalifanya kabla ya kumfikia. Tarehe 27 na 28 nilichomwa sindano ya diklofenaki, dawa ya maumivu, kwenye duka la dawa, kisha nikaongezewa vidonge. Maumivu yalipungua, kweli. Lakini dawa za kundi hilo huzibana figo, na figo za mtu aliyekaa na sukari mbaya miaka minane si za kuchezea. Kipimo cha figo kilikuwa kimepanda, kikarudi baada ya wiki kadhaa za hofu. Daktari alinipa prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, kwa siku chache badala yake, akanionya kwamba itapandisha sukari. Ilipanda hadi 17. Bila lile onyo ningeitupa dawa chooni. Nilipima mara nne kwa siku, akaniongezea dawa ya sukari kwa muda, na ilipokwisha prednisoloni sukari ikashuka yenyewe. Kuna pia kolchisini, dawa nyingine ya kutuliza shambulio la gauti, ambayo haigusi sukari, lakini figo zikiwa dhaifu dozi yake lazima ipunguzwe.

Jingine lililotuchanganya ni maabara. Yuriki iliyopimwa siku kidole kinawaka ilikuwa 6.3, na karatasi ikasema kawaida, kwa kuwa mpaka wao kwa mwanaume ni 7. Shangazi akapata nguvu: si mlisema ni gauti? Wakati wa shambulio kiwango huweza kushuka. Nilipima tena baada ya wiki tatu, ikawa 8.9. Ukishawahi kupata gauti mpaka wa 7 haukuhusu tena, lengo ni kushuka chini ya 6, ambayo kwa maabara zinazotumia maikromoli ni 360.

Kwenye chakula ndiko ushauri wa mitaani ulikonitesa. Nilipewa orodha ya marufuku iliyoanza na maharage. Mchaga umwambie aache maharage, ale nini na ndizi? Nikaacha, nikajaza nafasi yake kwa wali, na sukari ikapanda. Baadaye nikaelezwa kwamba purini za maharage, kunde na mchicha hazijaonekana kuongeza gauti kama zile za nyama na samaki. Maharage yamerudi, na sukari imeshukuru. Yaliyoondoka ni maini, figo, utumbo na supu nzito za asubuhi, na kisusio, ambacho ni damu na nyama za ndani kwenye bakuli moja, nakiangalia kwa mbali. Dagaa nakula kidogo, mara moja moja.

Halafu kuna tamu, ambayo watu wa gauti wengi hawaihesabu. Nilikuwa nimeacha soda nikahamia kwenye juisi ya maembe ya kusaga nyumbani na asali, nikijisifu ni vya asili. Nusu ya sukari ya mezani ni fruktosi, na asali na juisi zimejaa hiyohiyo. Ini huishughulikia fruktosi kwa pupa, likichoma akiba ya nishati ya seli, na mabaki ya akiba hiyo huishia kuwa asidi ya yuriki. Glasi moja inakupiga pande zote mbili. Embe zima kipande nakula, juisi hapana.

Bia na mbege, pombe yetu ya ndizi, sitasema mengi, unajua nitakachosema. Pombe huongeza utengenezaji wa yuriki na kuzuia isitoke, na bia ina purini zake yenyewe juu ya hapo.

Kuna na zile kilo 9. Nilizipunguza kwa miezi miwili, kwa kushinda na njaa hadi jioni. Kupungua uzito kunasaidia sukari na yuriki, lakini ukijinyima ghafla mwili hujichoma wenyewe, yuriki inapanda, na maji yakiwa kidogo ndiyo kabisa. Ningepunguza polepole. Ningekunywa maji, hasa safarini, maana siku niliyopanda basi kutoka Dar kwenda Marangu sikunywa hata chupa moja kwa kuogopa kuomba dereva asimame. Nilichoruhusiwa kwa raha zangu ni mtindi usio na sukari na kahawa nyeusi. Kwa mtu wa Marangu, kuambiwa na daktari anywe kahawa ni zawadi.

Alopurinoli nilianza na miligramu 100, ikapandishwa taratibu hadi 300. Mwezi wa pili nikapata shambulio jingine dogo, na hapo wengi huitupa. Yuriki ikianza kushuka, chembe za zamani hutikisika na kuleta maumivu, hivyo usiisimamishe kwa sababu hiyo. Kinachokusimamisha ni vipele mwilini, vidonda mdomoni au homa baada ya kuianza. Hapo unaacha na kukimbia hospitali, usingoje kesho.

Siku hizi nina daftari moja, sukari ukurasa wa kushoto, yuriki na figo wa kulia. Mara ya mwisho HbA1c ilikuwa 6.9, yuriki 5.4.

Desemba iliyopita tulikuwa Marangu tena. Shangazi aliniletea kahawa, bakuli la kisusio akalipeleka kwa shemeji, yuleyule wa dawa zinazoleta magonjwa. Tangu asubuhi alikuwa anachechemea, anasema ni viatu vipya. Nikamwambia avue soksi. Kidole kilikuwa chekundu.

"Sukari ulipima lini, shemeji?"

"Mimi? Sukari sijawahi kupima."

Nikaenda ndani kuchukua mashine yangu.