Kakangu alijiua, baba analewa kila siku, sasa naogopea mdogo wetu

SWALI: Shangazi shikamoo. Nina miaka 24, kwetu ni Kilifi. Kaka yangu alijiua mwaka jana mwezi wa nane. Mchana wa siku hiyo alinitumia meseji ati "uko wapi" nikamjibu niko kazini ntakupigia jioni, na jioni nikasahau, mpaka leo hiyo meseji sijaifuta. Nyumbani tukiulizwa tumeambiwa tuseme aliugua tumbo. Baba toka zamani ni mtu wa mnazi lakini sa hivi ni chang'aa kuanzia asubuhi, akishalewa anamtukana mama ati ndiye aliyemuua mtoto. Mdogo wetu wa miaka 17 ameanza kuonja pia na juzi akasema amechoka, anatamani kumfuata kaka. Mama anasema tusimchokonoe. Silali shangazi.

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Naanza na mdogo wako maana hilo halingojei kesho. Kaa naye leo, nyinyi wawili tu, umuulize wazi wazi, "unafikiria kujiua?" Najua mama anaogopa kwamba ukilitaja ndio unamtia wazo, wengi wanaamini hivyo, lakini sivyo, kijana aliyetamka maneno kama hayo wazo lenyewe analo tayari na analibeba peke yake. Akikujibu ndio usimkemee wala usimhubirie, msikilize, usimuache peke yake, ondoa karibu naye chochote anachoweza kujidhuru nacho na umpeleke hospitali aonwe na daktari wa akili, hata kama ni usiku. Befrienders Kenya, shirika linalowasikiliza watu wenye mawazo ya kujiua, wanapokea simu 0722 178 177, na wewe pia piga kwa ajili yako.

Ile meseji sasa. Pengine ungempigia angekwambia yote, pengine angesema niko poa mkaongea mambo ya kazi, hakuna anayejua na mimi sitakudanganya. Ninachojua ni kwamba mtu hafiki pale kwa sababu ya simu moja, ni mambo mengi yanajikusanya muda mrefu, na wewe ulijibu kama dada yeyote aliye kazini angejibu. Si wewe uliyemuua. Wala si mama.

Kuhusu hiyo habari ya tumbo, naelewa ilikotoka. Miaka na miaka kifungu cha 226 cha sheria yetu ya makosa ya jinai (Penal Code) kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, mpaka Januari 2025 Mahakama Kuu Nairobi ikasema kinaenda kinyume na katiba, na kuna familia ambazo marehemu wa namna hii walizikwa haraka haraka bila hata maombi. Aibu hiyo tumerithishwa. Majirani si lazima uwaeleze kitu, lakini ndani ya nyumba mtajeni kaka kwa jina lake na mlie, maana mdogo wako anajifunza kutoka kwenu kwamba maumivu ni kitu cha kufichwa.

Baba usimmwagie pombe wala kumfungia ndani aache kwa nguvu, tafadhali sana. Mtu anayekunywa kila siku tangu asubuhi akikatizwa ghafla anaweza kutetemeka, kupata degedege, kuona vitu ambavyo havipo, wengine hufa, kwa hiyo kuacha kwake kuwe chini ya daktari. NACADA, mamlaka ya serikali inayopambana na ulevi na dawa za kulevya, wana namba ya bure, 1192, watakuelekeza. Ongea naye alfajiri kabla hajaonja, akishalewa usibishane naye. Naye kafiwa na mwanawe, naliona hilo, lakini halimpi ruhusa ya kumtesa mama, na akianza kumpiga, mama aende kwa ndugu zake siku hiyo hiyo. Wewe hukumfanya alewe na huna uwezo wa kumwachisha, hilo nakuomba uliamini hata kama leo haliingii.

Ukishaongea na mdogo wako niandikie tena, nataka kujua alikujibu nini.