Mama mdogo, usiuze kiwanja

Shikamoo mama mdogo.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Unasema kile kiwanja cha Chanika kimepata mnunuzi, na hela ikitimia kaka aje kwangu Vancouver, maana umeambiwa Kanada mateja wanatibiwa bure na nyumba wanapewa. Aliyekwambia hivyo hajawahi kukanyaga East Hastings, mtaa wa mateja wa hapa Vancouver. Mimi nipo mtaa huo usiku nne kila wiki, na leo nakwambia ninachofanya, kwa sababu miaka yote hii nimewaacha muamini niko hospitali.

Nalinda jengo la vyumba wanamoishi watumiaji wa dawa za kulevya. Usiku napita nikigonga milango, asiyeitika, nafungua. Mwezi uliopita nilimkuta kijana amekaa sakafuni, kidevu kifuani, anakoroma. Ule si mkoromo wa usingizi, mama. Ni pumzi inakatika. Midomo ilishakuwa rangi ya majivu. Nikamlaza chali, nikavunja kichupa cha naloksoni, dawa ya kumrudisha aliyezidiwa na unga, nikavuta kwa sindano, nikamchoma pajani juu ya suruali hiyohiyo, kisha nikawa nampulizia pumzi moja kila sekunde tano. Nilihesabu kwa Kiswahili. Dozi ya pili ndiyo iliyomwamsha. Aliamka na arosto, yale mateso ya kukosa unga, akanitukana, akanitapikia viatu, na mimi nalia kwa furaha. Wa chumba cha juu yake, wiki moja kabla, nilimkuta ameshapoa. Godoro lake nililitoa mimi.

Jimbo hili, British Columbia, lilitangaza dharura ya afya Aprili 2016. Kuanzia 2021 hadi 2024, kila mwaka dawa za kulevya ziliua zaidi ya watu 2,000. Wengi walikufa ndani, peke yao. Wamo mafundi ujenzi wenye familia zao, si watu wa barabarani tu. Na si kila anayeokolewa anarudi mzima, maana ubongo ukikosa hewa kwa dakika chache unaharibika. Tunaye mmoja ambaye kila usiku ananiuliza jina langu upya.

Unga wa huku siyo unga anaoujua kaka. Ni fentanili, nguvu yake kama mara 50 ya heroini, na siku hizi wanachanganya na dawa za usingizi ambazo naloksoni haizigusi. Akivuta hii kwa kipimo chake cha kijiweni Kinondoni, tutazungumza habari ya kusafirisha mwili. Ni kweli ipo nyumba hapa tangu 2003 ambako mtu anajidunga mbele ya muuguzi, na imeokoa wengi. Lakini kwa viza ya matembezi hana bima, na tiba unazosimuliwa si zake.

Methadoni, dawa ya kunywa badala ya unga, iko hospitali ya Mwananyamala, mama. Iko hapo tangu 2012, Muhimbili walianza 2011, na hailipiwi. Anakunywa kikombe mbele ya mhudumu kila siku, arosto inatulia, mtu anarudi kazini. Najua aliacha kwenda kwa sababu majirani walimwona kwenye foleni. Nenda naye. Simama naye kwenye foleni hiyo na kanga yako, wakuone.

Usimpe hela mkononi, hata ya vocha. Mlipie bajaji mwenyewe. Akiiba tena, funga mlango. Hapana, usiufunge, akilala nje hutajua kama anapumua. Na akikoroma hivyo nilivyoeleza, mtingishe, mwite kwa sauti, mpulizie pumzi huku watu wanatafuta gari. Akishapumua mwenyewe, mlaze ubavu. Usimmwagie maji, usimnyweshe maziwa.

Usidhani namkataa. Baiskeli yake ndiyo aliyouza nikapata hela ya pasipoti. Kila nikifungua mlango wa mtu asiyeitika, uso ninaouona kwanza ni wake, na kuna usiku natamani umpandishe ndege kesho, alale sebuleni kwangu nimsikie akipumua. Lakini mimi nikiwa zamu, nani atamgongea yeye?

Nimetuma nauli ya mwezi mzima kwenye simu yako, si yake. Mwamshe mapema. Akikataa kuamka, nipigie hapohapo umpe simu. Saa moja asubuhi ya huko mimi ni saa tatu usiku, niko macho.